Usimkatize Shemeji

Kwa miaka minne, nyumbani kwangu Bagamoyo kulikuwa na mashine ya gemu isiyo na memori, na kwa mdogo wangu Vigwaza kulikuwa na memori isiyo na mashine. Tuligawana kama watu waliopeana talaka. Mimi nilibaki na mashine, pedi mbili za kuchezea na sidii moja ya mieleka iliyochakaa. Yeye akaondoka na kile kikadi cha plastiki, kidogo kama kipande cha mwisho cha sabuni, ambamo Shemeji amehifadhiwa. Mtu atauliza, kwani mashine bila kadi haiwaki? Inawaka. Lakini Shemeji hayumo, na gemu ile bila Shemeji, kwetu sisi, ni wali mkavu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia kwenye hasira nitaharibu.

Mama yetu alikuwa akifanya kazi Dar, kwa hiyo tulilelewa na bibi, mzaa mama, katika nyumba hii hii ninayoandikia, nyuma ya soko la samaki. Mimi ndiye mkubwa. Mdogo wangu, wa kiume, ananifuata kwa miaka mitatu. Nilipokuwa darasa la saba mjomba alituletea mashine ile, ishatumika na watu kadhaa kabla yetu, pamoja na sidii moja tu. Tulitegemea itakuwa ya mpira. Tulipoiweka, ikatoka mieleka. Mdogo wangu alitaka kulia.

Wala si kwamba ilikuwa gemu nzuri ya kutazama, nisiwadanganye. Wacheza mieleka walikuwa na sura kama zimechongwa kwenye sabuni ya mche. Vidole hawana, mkono unaishia kama mwiko. Watazamaji walikuwa picha tu, na ukitulia unamwona jamaa yule yule wa shati la njano amekaa kila safu, kulia na kushoto, kama amezaliwa pacha mia. Lakini siku ya kwanza tu nilimnyanyua mdogo wangu juu juu, nikambwaga, refa akahesabu moja, mbili, tatu, nami nikaruka kitandani na kupiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba. Nilinogewa siku ile ile.

Siku ya tatu bibi alikuwa amekaa mkekani nyuma yetu, anachambua mchele. Sasa, kwenye gemu ile mtu hatokei tu ulingoni. Anatoka nyuma ya pazia, muziki unapigwa, anatembea taratibu kama ana siku nzima, na akishafika anainua mikono yote miwili juu. Mdogo wangu alikuwa ameshagundua kwamba ukibonyeza kitufe kimoja, safari yote ile unairuka. Akabonyeza. Bibi akaweka ungo chini.

"Ala! Huyo mtu mbona mmemkatiza?"

Tukamweleza kwamba anachelewesha, bibi, tumemruka tu.

"Mgeni anaingia, anainua mikono anasalimia nyumba nzima, nyie mnamkatiza? Mmelelewa na mimi nyie, au mmelelewa na kunguru? Mrudisheni!"

Tukamrudisha. Likatoka bonge la mtu, suruali nyekundu, likatembea, likafika, likainua mikono. Na bibi yangu, na ungo wake mapajani, akaitika kwa sauti kamili: "Marahaba, mwanangu. Pita ndani, karibu."

Tulicheka mpaka mdogo wangu akapaliwa na mate. Bibi hakucheka hata kidogo. Si kwamba alikuwa hajui runinga ni nini, alijua vizuri sana. Ila kwake yeye mkono ulioinuliwa ni salamu, na salamu huitikiwa, aliyesalimia awe mtu, awe sabuni. Akarudi kwenye mchele wake.

Basi ikawa sheria ya nyumba. Marufuku kumkatiza anayeingia. Halafu, kabla ya kengele, mchezaji mdogo kwa umri lazima abonyeze kitufe kingine, cha kuinua mikono, mtu wake asalimie, na mchezaji mkubwa aitike kwa mdomo wake: marahaba. Hapo ndipo mpigane, mvunjane, mtupane nje ya kamba, bibi hana neno. Tena bibi ndiye aliyetufundisha kwamba shikamoo asili yake ni nashika miguu yako. Kwa hiyo kila mtu alipodakwa mguu ulingoni na kukunjwa, bibi alishangilia: "Mwoneni, kaamkiwa huyo! Kaamkiwa vizuri!"

Na sheria ya mwisho, niliyoichukia kuliko zote: aliyeshindwa anamwamkia mshindi. Awe mkubwa, awe mdogo. Wee! Mimi, na ukubwa wangu, nimwambie shikamoo mtoto niliyembeba mgongoni! Mara ngapi nimeitupa pedi nikakimbilia uani, na bibi nyuma yangu anasema bila hata kupandisha sauti, "Asiyekubali kushindwa si mshindani, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita, kama bibi wa pwani wanavyowaita wajukuu wa kike. Mdogo wangu alikuwa "mume wangu". Nilikuwa narudi baada ya robo saa, nimenuna, natoa shikamoo ya chini chini ambayo hata mende asingeisikia, na bibi anasema, "Hatujasikia huku."

Shemeji tulimtengeneza mvua za masika, tulipofungiwa ndani wiki nzima. Gemu ile ilikuwa na sehemu ya kuunda mtu wako mwenyewe, unamchagulia sura, kimo, nguo. Bibi ndiye aliyekuwa mkuu wa kazi. Kwanza kabisa alikataa chupi. "Mapaja nje mbele za watu? Mvisheni suruali." Tukamvisha suruali. Akataka kofia, hakukuwa na kofia ya vito ya kudariziwa kwa mkono, tukamwekea kofia fulani nyeupe iliyofanana fanana. Akataka ndevu ila zisiwe nyingi. Akataka asiwe mnene, asiwe mwembamba, na asiwe na mchoro wowote mwilini. Ukafika wakati wa jina, tukamuuliza, bibi, huyu tumwite nani?

Akamtazama mtu yule kwa muda. "Huyu mtu ana heshima zake," akasema. "Anafaa kuwa shemeji wa mtu."

Tukaandika SHEMEJI, tukamhifadhi kwenye memori. Huyo ndiye Shemeji wetu. Alicheza vibaya mno, tulimpa mbinu ovyo kwa kuwa hatukuelewa kile Kiingereza, alikuwa anajirusha chini mwenyewe mara kwa mara. Lakini alipoingia na ile suruali yake, akatembea, akainua mikono, nyumba nzima tuliitika kwa pamoja: marahaba, Shemeji! Hata mama akija mwisho wa mwezi aliitika. Watoto wa jirani waliitika dirishani. Kuna siku muuza samaki alipita nje akasikia, akaitika naye, hajui anamwitikia nani.

Tukakua na gemu ile. Mashine ikazeeka, ikawa haisomi sidii mpaka uigeuze kifudifudi, miguu juu, ukaze kwa kitabu. Zikaja mashine mpya na gemu mpya, nimeziona, watu wana jasho na vinyweleo. Nikacheza mara moja kwa rafiki, nikachoka. Unabonyeza, unabonyeza, hujui umeshinda kwa nini wala umeshindwa kwa nini. Ile yetu ukibwagwa unajua kabisa ulipokosea, na aliyekubwaga umekaa naye bega kwa bega, unamsikia anavyopumua. Mimi nikaolewa, nikazaa binti, nikaachika, nikarudi nyumbani na cherehani yangu. Mdogo wangu akawa fundi wa malori. Na bado Ijumaa baada ya swala tulikuwa tunageuza mashine kifudifudi, tunamwingiza Shemeji. Asubuhi mdogo wangu hakuwahi kunipita bila kuniamkia, hata siku tulizogombana. Mtu mzima, ana ndevu, anainama mlangoni kwangu: shikamoo dada. Nilizoea kama mtu anavyozoea adhana.

Sasa nafika kwenye ubaya wangu.

Alipata mchumba, mtu wa Vigwaza, kwenye barabara kubwa ya Morogoro, alikokuwa anakwenda kutengeneza malori. Akamleta nyumbani tumwone. Siku ile uani palijaa wanawake, tunapika, na yule binti bila kuambiwa akafunga kanga kiunoni akaomba kazi. Akapewa nazi. Akaikalia mbuzi, akaanza kukuna, na alikuna kwa nguvu mno mpaka akafika kwenye kifuu. Nazi ikatoka na vichembe vya kahawia. Kitu kidogo. Mwingine angemwelekeza kwa upole, ikaisha. Mimi, kwa hii sauti yangu ambayo nikiongea uani inasikika sokoni, nikasema: "Loo, huyu ndiye tuliyeletewa? Mtu wa barabarani atajulia wapi nazi? Kazoea kupikiwa na magenge ya madereva."

Wanawake wakacheka. Wale nao! Binti akaacha kukuna. Akainuka taratibu, akanawa mikono, akaishika kanga yake asijue aiweke wapi. Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni.

Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini mimi sitaki kujificha kwenye methali. Nilisema kwa sababu nilikuwa na wivu. Haya, nimeandika. Alikuwa anaondoka, mtu wa mwisho wa kukaa naye bega kwa bega, na niliona anachukuliwa na mtu ambaye hata hajui Shemeji ni nani.

Kesho yake alifunga nguo zake. Akachomoa memori kwenye mashine, akaitia mfukoni. Mimi nilikuwa barazani na cherehani, nashona sare za shule. Akapita mbele yangu, akashuka ngazi, akaenda. Hakuniamkia. Nikakanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

Miaka minne. Harusini kwake nilikaa nyuma kabisa kama mtu aliyekuja kula tu. Kwenye misiba tulikutana, na alikuwa na ujanja wake: anaingia, anasema, "Habari zenu jamani," kwa watu wote kwa mkupuo, na mimi nimo humo kwenye "zenu". Nami nikawaambia wote walionisihi: mimi ni mkubwa. Mdogo ndiye anayeamkia. Siku akiniamkia, nitaitika. Nilisema hivyo nikijua fika kwamba kuna assalaam alaikum, ambayo anaanza yeyote, na anayeanza ndiye bora. Nilijificha nyuma ya ukubwa. Ukubwa ni mahali pazuri sana pa kujificha, mtu hakusogezi. Na kila Ijumaa baada ya swala nilikuwa naiona ile mashine juu ya kabati, nimeifunika kanga, na moyo unaniuma, na simwambii mtu.

Mwaka huu bibi macho yakafunga kabisa. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alianza kutambua watu kwa nyayo, akawa anachambua mchele kwa vidole. Tukampeleka hospitali, akafanyiwa upasuaji, jicho moja, kisha la pili. Siku ya kufunguliwa bandeji ya jicho la pili nilikaa mbele yake, nimevaa dera langu zuri, nangojea aseme neno. Akapepesa, akanitazama kwa makini.

"Mke mwenzangu," akasema, "umezeeka, masikini!"

Nesi akacheka mpaka akashika meza. Mimi nilikuwa nalia na kucheka. Tukarudi nyumbani, akazunguka anaangalia kila kitu: ukuta, kuku, uso wa binti yangu, ambaye kwake alikuwa amebaki sauti tu. Halafu akakaa kwenye mkeka wake, akasema, "Sasa niwashieni Shemeji nimwone akiingia."

Binti yangu akanitazama, ana miaka kumi na sita, anajua kila kitu.

"Hayupo, bibi," nikasema. "Yuko Vigwaza."

"Basi aitwe," akasema bibi, kama anazungumzia mtu aliyekwenda dukani. "Nimefunguliwa macho nimwone nani, kuku?"

Nilichukua siku mbili kupiga simu ile. Nimeshika simu, naiweka, nakata kitambaa, naishika tena. Si kwamba sikuwa na la kusema. Ila simu ukipiga lazima mtu aanze salamu, na mimi sikujua itakuwaje. Mwisho nikapiga. Akapokea, akasema "haloo" ya mtu aliyeona jina langu na bado haamini.

"Bibi anamtaka Shemeji," nikasema.

Nikasikia nyundo ikigonga chuma nyuma yake huko.

"Jumapili tutakuja," akasema, akakata. Hata salamu, si yeye si mimi.

Jumapili wakaja saa nne asubuhi, yeye, mkewe na mtoto wao wa kike wa miaka mitatu, niliyekuwa nimemwona kwa mbali tu. Na aliyetangulia mlangoni alikuwa nani? Yule yule niliyemfanya achekwe uani. Akaweka mfuko wake wa mahindi chini, akainama. "Shikamoo, wifi."

Nikaitika. Sauti ilinitoka nyembamba, si yangu. Yeye ndiye niliyemkosea, na yeye ndiye aliyeanza. Mdogo wangu akaingia nyuma yake, akautazama ukuta. "Habari za hapa," akauambia ukuta. Akaenda kwa bibi, akapiga magoti, na bibi akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku. "Mume wangu umekuwa mzuri," akasema. "Nilidhani nitakuta umeota upara."

Mashine tukaishusha. Tukaichomeka. Haikusoma. Nikaigeuza kifudifudi, haikusoma. Mdogo wangu akasogea, akaitoa sidii, akaifuta kwa upindo wa shati lake kutoka katikati kwenda nje, akairudisha, akaniashiria kwa kidevu. Nikajua anataka nini: kitabu cha kukazia. Nikampa msahafu? Astaghfirullah, hapana, nikampa daftari langu la vipimo. Akalikaza juu. Ikasoma. Tulikuwa tumefanya kazi ile pamoja maisha yetu yote, na mikono ilikumbuka hata kama midomo imenuna.

Akaichomeka memori. Kadi ile ilikuwa imekaa miaka minne kwenye boksi la spana kwenye joto la gereji. Ingeweza kuwa imekufa. Runinga ikafikiri. Ikafikiri. Halafu jina likatokea, herufi saba, SHEMEJI, na mdogo wangu akaivuta pedi.

Akamchukua Shemeji. Mimi nikamchukua yule bonge wa suruali nyekundu, tuliyemwita Bokoboko. Muziki ukalia. Binti yangu, aliyekwisha kuisahau sheria, akasema, "Mjomba, bonyeza umruke."

"Thubutu!" akafoka bibi, na macho yake mapya kayakodoa kwenye kioo. "Muache aingie!"

Shemeji akatoka nyuma ya pazia. Suruali yake, kofia yake, ndevu zake zisizo nyingi. Akatembea na ule mwendo wake wa mtu aliyemaliza shughuli zote. Bibi machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. Shemeji akaingia ulingoni, akasimama mbele ya Bokoboko. Na akabaki amesimama.

Maana mtu wa kuundwa hainui mikono mwenyewe, na sasa ilikuwa zamu ya kile kitufe. Mdogo abonyeze, mtu wake ainue mikono, mkubwa aitike. Sheria. Nikaona kidole gumba cha mdogo wangu kimekaa juu ya kitufe, hakishuki. Mimi nilikuwa natazama mbele, shingo imekauka. Kwenye kioo wale watu wawili wa sabuni wanapumua tu, wanatikisika, kama na wao wanajua.

Kidole kikashuka. Shemeji akainua mikono.

"Marahaba," nikasema.

Ilinitoka kabla sijaifikiria. Haikuwa na kiburi, haikuwa na msamaha, ilikuwa tu marahaba ya Ijumaa zote zile, na nilipoisikia sebuleni mle nikajua nilikuwa nimeikosa kuliko nilivyowahi kukiri. Mdogo wangu hakugeuka. Lakini bega lake, lililokuwa limekaa shubiri moja mbali na langu, likaja likanigusa.

Nikaiweka pedi chini. Nilikuwa sijamaliza, na nilijua. Nikamtazama mkewe, aliyekaa karibu na mlango, mahali anapokaa mtu ambaye hajui kama ataambiwa aondoke.

"Wifi," nikasema, "hebu njoo. Chukua Shemeji. Tucheze mimi na wewe."

"Mimi sijui, wifi."

"Hata mimi nazi nilifundishwa," nikasema. Sebule nzima ikasikia nilichosema, na nilitaka isikie.

Akatazamana na mumewe. Akaja, akakaa mkekani, akapokea pedi kwa mikono miwili kama anapokea sahani. Hakujua kitufe hata kimoja. Alibonyeza vyote kwa pamoja, na anapobonyeza anafumba macho. Nilicheza kwa nguvu zangu zote, wallahi sikumwachia, sina tabia hiyo. Lakini nani anaweza kupigana na mtu asiyejua atafanya nini? Shemeji, ambaye miaka yote alikuwa anajirusha chini mwenyewe, akaudaka mguu wa Bokoboko, akaukunja, akalala juu yake. "Kaamkiwa!" bibi akapiga kelele. "Kaamkiwa huyo!" Nikabonyeza, nikabonyeza, kidole kikauma. Refa akahesabu moja, mbili, tatu.

Wifi akafungua macho. "Imekuwaje?" akauliza.

Wote walikuwa wananitazama mimi, na bibi zaidi ya wote, na safari hii alikuwa ananiona vizuri. Uani ni hatua nne tu kutoka mkekani pale. Ninaijua njia hiyo vizuri mno.

Sikwenda. Niligeuka, nikakaa sawa, nikamtazama usoni mwanamke niliyemzidi miaka minane.

"Shikamoo, wifi," nikasema. Nikasema kwa hii sauti yangu ya sokoni. "Na siku ile ya nazi, nisamehe. Nilikuwa na wivu."

Akaitazama pedi mikononi mwake kwa muda mrefu kidogo, nami nikangoja, kwa kuwa nilistahili kungojeshwa.

"Marahaba," akasema mwisho. Kisha akapumua. "Na mbuzi yenu iko wapi? Nimeona nazi jikoni, na mchana unafika."

Alikuna nyeupe pee, hakukuwa na chembe hata moja ya kahawia. Nilikaa pembeni yake nikipepeta mchele. Sebuleni tulisikia bibi akimfundisha mtoto wa miaka mitatu kuitika marahaba, na mtoto anasema "malahaba", na mdogo wangu anacheka kile kicheko chake cha kupaliwa.

Wakaondoka baada ya alasiri. Walipokwenda nilirudi kuifunika mashine, na nikaona memori bado imechomekwa. Nikadhani amesahau. Nikapiga simu, na safari hii sikuchukua siku mbili, nilipiga nimesimama pale pale na kanga mkononi.

"Umesahau memori yako," nikasema, kwa haraka, kabla hajapata nafasi.

"Shikamoo, dada," akasema.

Nikaitupa kanga begani.

"Marahaba," nikasema.

"Sijaisahau. Iache ikae na mashine yake."